Nne za Mwitu, Mbili za Serikali

Niliitia sahihi hukumu ya kinamasi cha Lihanje saa nne na robo asubuhi, chai yangu ikiwa bado inafuka mvuke, na sikujua kwamba ni Lihanje.

Ndivyo kanuni inavyotaka. Katika maabara yetu msomaji wa chavua hapewi jina la kijiji wala la mwenye asali. Anapewa kipande cha kioo chenye namba, anakiweka chini ya hadubini, anahesabu, anatia sahihi, kisha ndipo jina linapofunguka kwenye skrini. Kanuni hiyo niliipigania mimi mwenyewe kikaoni. Nilisimama nikasema, msomaji asiyejua anamsoma nani ndiye asomaye haki, na watu wakapiga makofi. Mdomo huu, jamani! Laiti ningalikuwa bubu siku ile.

Asubuhi hiyo niliona mbili. Chavua ya ulimbo wa mwitu, ule mmea mdogo wa kinamasini unaonasa wadudu, haitembei peke yake: chembe nne zimeshikana, kila moja na vimiiba vyake, kama watoto wanne waliolala kitanda kimoja. Ulimbo wa serikali, ule uliotengenezwa kunasa mbu, waliouunda waliutia alama makusudi ili chavua yake ishikane mbilimbili tu. Majani ya mimea hiyo miwili yanafanana, yale matone ya gundi yanayonasa wadudu yanafanana, hata mashine ya vinasaba hujikwaa, maana wa serikali ulizaliwa kutokana na wa mwitu. Kwa hiyo sisi wasomaji tulikuwa na wimbo wetu: nne za mwitu, mbili za serikali.

Msinielewe vibaya, ulimbo wa serikali ulituokoa. Joto lilipopanda na mbu wakapanda nalo hadi milimani, tulizika watu wengi sana. Ulimbo ukapandwa mabondeni kwenye kila mtaro, ukala mbu, tukapumua. Lakini ukitorokea huku juu kwenye vinamasi, mbu hawautoshi, unakula nyuki. Wilaya jirani ilikaa miaka miwili bila asali, na maharage yakatoa maua yasiyozaa. Ndipo ikaja sheria: kinamasi chenye ulimbo wa serikali kimwagiwe chokaa na kuchomwa. Na kwa kuwa ua la ulimbo hufunguka asubuhi chache tu za mwaka, tunaitafuta chavua yake kwenye asali, ambako hukaa miaka na miaka bila kuoza.

Sheria inataka zile za mbilimbili zifike tano katika chembe mia tano. Mimi nilihesabu kumi na moja.

Kando ya mojawapo palikuwa na chembe nyingine, nono, yenye mifereji kumi na kitu iliyoshuka toka juu hadi chini kama boga. Nikajisemea, huyo ni kifuko. Kifuko ni mla wadudu mwingine, huishi majini kinamasini na kumeza viluwiluwi kwa vifuko vyake vidogo, na chavua yake ina mifereji mingi hivyo hivyo. Hii ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea. Nikaandika pembeni, "imevimba kwa asidi," kwa sababu asali huchemshwa kwenye asidi kabla ya kusomwa na wakati mwingine chembe huvimba. Kifuko na ulimbo kwenye tone moja: basi asali hii imetoka kinamasini, hakuna ubishi. Nikasaini.

Jina likafunguka. Lihanje. Chungu cha Odilia Chaula.

Odilia Chaula ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka sita.

Bwana Kihwelo, mkuu wetu wa maabara, alikuwa anapita na kikombe chake. Akaona nilivyoganda.

"Velina, kuna shida?"

"Hakuna."

Akasoma skrini. Yeye si mjinga. "Huyu Chaula ni wa kwenu?"

"Shangazi yangu."

"Una haki ya kuomba msomaji mwingine arudie. Hakuna atakayekulaumu."

Nilikuwa na haki. Ilikuwa kitufe kimoja cha njano, pale pale. Lakini pale kazini walikuwa wananiita Jicho, na katika miaka mitano Jicho hajawahi kurudiwa, wala sikutaka kusikia wakinong'ona kwenye kantini kwamba Jicho huona vizuri mpaka afike kwa ndugu zake.

"Nilichoona nimeona," nikamwambia.

*

Mashine za chokaa zina miguu sita na tumbo kubwa, na hutembea polepole kama kuku anayetafuta pa kutagia. Zilikuwa nne. Zilifika Lihanje Ijumaa saa mbili asubuhi, nami nilikuwa nimeshafika, nimesimama ukingoni na viatu vyangu vya mjini vimelowa.

Hakuna aliyenilazimisha kwenda. Nilikwenda kwa sababu niliona ni aibu kumchomea mtu kwa sahihi halafu nijifiche.

Shangazi alikuwa amejifunga kanga mbili. Mizinga yake arobaini ilikuwa imepangwa upande wa pili, kwenye miti ya ukingoni, kwani kinamasi kile ndicho kilichokuwa na maua wakati wa kiangazi, kila kitu kingine kikiwa kimekauka. Na maji ya kunywa ya kitongoji kizima hutokea hapo. Yalikuwa yakitokea hapo, niseme.

"Umekonda, mama," akaniambia. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Huko mjini mnakula vioo vya hadubini?"

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe umesoma kilichoandikwa. Ukiona nyoka ndani ya nyumba yangu, unyamaze kwa kuwa ni yangu?"

Heri angenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima.

Mashine ya kwanza ikaingia majini. Karibu na mguu wangu palikuwa na ulimbo mmoja mdogo mwekundu, na juu ya kikonyo chake ua moja la kuchelewa, la waridi, limefunguka. Msimu wake ulikuwa umepita kwa wiki kadhaa. Niliinama nikalichuma kwa mazoea tu, nikalitia kwenye kiberiti nilichokuwa nacho, nikakitumbukiza mfukoni. Mfuko huo huo ulikuwa na hadubini yangu ndogo ya safarini. Vilikaa pamoja, ua na hadubini, vikigongana pajani mwangu saa tatu nzima, nami nimesimama naangalia chokaa.

Hilo nitalibeba hadi kaburini. Dakika mbili zingetosha. Ningepiga kelele, mashine zingesimama, pengine nusu ya kinamasi ingepona. Lakini ni nani anayesoma upya hukumu aliyokwisha kuisaini?

Chokaa ilipogusa maji ikachemka. Baadaye wakawasha moto kwenye nyasi, na udongo mweusi wa chini nao ukashika. Nyuki wakawa wanazunguka wasijue pa kutua. Kadhaa walitua kwenye kanga ya shangazi, kwenye maua yaliyochapwa, wakawa wanayapekua. Hakuwafukuza.

"Masikini," alisema. "Haya si maua, wanangu."

*

Alinipeleka nyumbani kunywa chai. Nilitaka kukataa. Akanitazama tu, nikaingia jikoni nikakaa kwenye kigoda.

Chungu cha asali cha nyumba yetu kiko pale pale nilipokiacha utotoni, kwenye kona kavu, kimefunikwa kwa ubao. Hakijawahi kumalizwa. Kila mavuno mapya humiminwa juu ya masalio ya zamani, kwa hiyo ndani yake kuna tone la kila mwaka tangu enzi za bibi yake shangazi. Juu yake, kwenye msumari, kinaning'inia kijiko cha mti kilichokuwa cheusi kwa umri.

"Safari hii utalamba kijiko," alisema akifunua ubao. "Pasaka ulinikimbia."

"Pasaka nilikuwa na gari la ofisi, shangazi. Dereva alikuwa anapiga honi."

"Nilimsikia. Mtu unatoka bondeni Kilombero na asali mkononi, unaiweka mlangoni kama muuza mkaa, hata kiti hukukalia! Nikabaki na chupa yako naitazama. Nikasema haya, mwanangu hana nafasi, nitamjulisha mwenyewe kwa chungu."

Sikuelewa papo hapo. Yaani niliisikia sentensi ile nikaendelea kupuliza chai yangu. Kisha nikakiweka kikombe chini.

"Ulinijulisha vipi?"

"Kwani umesahau? Mama, mjini wamekuosha ubongo!" Akacheka. "Bibi harusi huja na asali ya kwao, kijiko kimoja kinatiwa. Mtoto akitoka mbali na asali ya huko, kijiko kimoja kinatiwa, ili chungu kimjue. Aliyeileta analamba kijiko, na kijiko hakioshwi maadamu chungu kipo. Wewe mwenyewe ulishalia hapa siku mke wa kaka yako alipolamba kabla yako."

Nililia kweli. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa naijua mila hiyo kama ninavyojua kidole changu, na ndiyo maana sikuiandika popote. Fomu wanayokuja nayo wakaguzi kuchukulia asali niliitunga mimi: mizinga mingapi, mwezi gani, umbali gani kutoka kinamasini. Haumo hata mstari mmoja wa kuuliza, asali hii mmeichanganya na ya wapi? Kila mtu wa huku anajua kwamba chungu huchanganywa. Wakaguzi wetu wote ni wa huku. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza jambo linalojulikana na kila mtu.

"Ulitia kijiko kimoja?" nikauliza. Nilikuwa bado natafuta pa kushika, kwa maana kijiko kimoja kwenye chungu kile kisingefikisha zile tano za sheria.

Shangazi akaona haya kidogo. "Wengine huwatilia kijiko. Wewe nilikutilia kikombe kizima. Wewe ni mama yangu."

Nikatoa kiberiti mfukoni. Nikalikung'uta ua lile juu ya kioo, nikatega hadubini kwenye mwanga wa dirisha, na hata kabla sijarekebisha lenzi vizuri nilishaziona. Nne. Nne. Nne. Nilihesabu mia mbili na zote zilikuwa nne, zimelala kitanda kimoja.

Kisha nikafungua kwenye simu picha ya kile kioo cha maabara. Nikaitafuta ile chembe nono yenye mifereji. Chavua ya kifuko, pamoja na mifereji yake yote, ina mkanda unaoizunguka kiunoni, mwembamba lakini upo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuutafuta. Hii haikuwa na mkanda. Ilikuwa na ngozi ya vipelevipele, na ilikuwa kubwa kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa, haikuvimba kwa asidi wala nini. Ilikuwa chavua ya ufuta. Nani amewahi kuona ufuta ukilimwa Lihanje, kwenye baridi hii? Ufuta ni wa bondeni. Ulikuja ndani ya chupa yangu pamoja na zile mbili.

"Shangazi," nikasema, "kinamasi hakikuwa na kosa. Ulimbo wa serikali niliuleta mimi. Kwenye asali."

Nje moshi wa kinamasi ulikuwa bado unapita mlangoni.

"Kwa hiyo ulimbo uliochomwa ulikuwa wetu," alisema.

"Ulikuwa wetu."

Akaketi chini, kwenye sakafu, miguu ameinyoosha kama mfiwa. Ndipo akalia, nami nikalia naye, na hatukuwa na mtu wa kutubembeleza.

*

Nilimpigia Bwana Kihwelo nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba, kwenye mizinga mitupu ya akiba. Nikamweleza yote bila kupamba.

"Tangu tuanze umesoma vinamasi vingapi?" aliuliza.

"Thelathini na kimoja."

"Vyote kwa asali ya chungu?"

"Vyote."

"Na vingapi umekosea?"

"Sijui."

"Basi kaa na kutojua kwako, Velina. Nakuomba kama kaka." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Ulimbo wa serikali upo kweli huku juu. Vitatu kati ya hivyo niliviona kwa macho yangu, majani yamejaa nyuki wafu. Mama yangu ni wa ile wilaya iliyokosa maharage, unajua tulivyokula mwaka ule. Leo wananchi wanakubali mashine ziingie kwao kwa sababu wanaamini chavua haidanganyi. Ukisema imedanganya, hakuna kijiji kitakachofungua mlango tena. Utaokoa kinamasi kimoja, upoteze nyuki wa mkoa mzima."

Hakuwa anasema uongo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angekuwa mtu mbaya ningemkatia simu.

"Chavua haikudanganya," nikamwambia. "Chavua ilisema mbili na ilisema ufuta. Mimi ndiye niliyesoma kifuko. Jumatatu mnachoma kinamasi cha Ihela. Je, Ihela nani kaoa bondeni? Nani ana mtoto anayefanya kazi Kilombero?"

"Maji yamekwisha kumwagika, dada."

"Ya Lihanje ndiyo. Ya Ihela bado."

Akavuta pumzi. "Unajua utaratibu wa kutengua. Barua peke yake haitoshi, na ua moja kwenye kiberiti si kitu, watasema umelitoa kwingine. Wanataka chombo kizima, kimefungwa mbele ya mwenye nyumba. Chote kinachemshwa, chote kinahesabiwa, mbili na ufuta, ionekane viliingia pamoja. Hakirudi hata kijiko."

Sheria hiyo naijua. Hiyo nayo niliitunga mimi.

Nilirudi jikoni. Shangazi alikuwa amesimama tena, anapangusa ubao wa chungu kwa upande wa kanga, kama mtu asiye na habari. Nilimwambia kuhusu Ihela. Nilimwambia kuna vinamasi vingine ambavyo huenda vinangoja Jumatatu yao kwa kosa langu. Kisha ilinibidi niseme na lile jingine, nikalirudia mara mbili.

"Unataka chungu," alisema.

"Sikitaki, shangazi. Nakihitaji. Ukikataa sitakulaumu, nitaandika barua hivyo hivyo, na pengine watanicheka."

"Chote?"

"Chote."

"Hata cha mwisho kidogo nisibakize, cha kuanzia?"

Ningeweza kusema bakiza. Nani angejua? Lakini kikipungua hata kijiko kimoja, wakili yeyote angeuliza, kilichotolewa kilikuwa na nini ndani? Nami nilikwisha kujifunza bei ya jambo dogo lisiloandikwa.

"Usibakize," nikasema.

Akakitazama chungu. Alianza kuwataja kwa sauti ya chini, bila haraka, waliomo ndani: bibi yake, mama yake ambaye jina lake ni langu, mke wa kaka yangu, wajomba waliotoka migodini, mtoto wake aliyekufa kwa malaria mwaka ule mbu walipopanda. Wa mwisho alinitaja mimi.

"Hata Ihela wana vyungu," alisema hatimaye. "Kichukue."

Kisha akashusha kijiko msumarini, akakichovya, akakiinua kikiwa kinachuruzika, akanielekezea mdomoni. Nilitaka kusema kwamba huo ni ushahidi, kwamba hata hicho kinahesabika. Sikusema. Nililamba. Asali ilikuwa na ladha ya moshi na ya kinamasi cha kiangazi, na mbali kabisa, nyuma ya ulimi, nilihisi ufuta. Nikaandika kwenye fomu, kwa kalamu, mahali pasipokuwa na swali: *Kijiko kimoja kimelambwa na msomaji, mbele ya mwenye nyumba.*

Tulikifunga chungu kwa nta na uzi, nikabandika namba juu yake. Hatukuandika jina. Nilipokuwa nakibeba kwenda nacho kwenye gari, nimekikumbatia kwa mikono miwili, nikageuka mlangoni kumuaga.

Shangazi alikuwa amechota maji ya mwisho ya mtungi, yale ya kutoka kinamasini, akawa anakiosha kijiko.